Msaada wenye ratiba ndio unaomjenga mtu

Ukarimu wetu tumeuzoea ukiwa na kipaza sauti. Mgeni rasmi anasimama kwenye harambee, anataja kiasi, ukumbi unalipuka kwa makofi na vigelegele, na kesho yake picha zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Kamati ya harusi inatuma kadi za michango, mwenye uwezo anaahidi laki tano, jina lake linasomwa la kwanza. Sina ugomvi na fedha hizo. Misikiti na makanisa yamejengwa kwazo, madarasa yameezekwa, wagonjwa wamepelekwa hadi India kutibiwa. Ninachokipinga ni imani iliyoota pembeni yake, kwamba kusaidia ni jambo la mtu aliyekwisha kufanikiwa: kwanza upate, halafu ndipo utoe.

Nikiwatazama wanaosimama muda mrefu mtaani, nikiwaacha kando wale wanaong'aa miaka miwili kisha wakapotea, naona mambo yakienda kinyume na imani hiyo. Walianza kutoa wakiwa na kidogo, walitoa kidogo, na walitoa kwa siku inayojulikana. Ratiba ndiyo iliyobeba uzito wote. Msaada unaojirudia, wenye kiasi kinachofahamika, unafanya kazi ambayo mchango mkubwa wa mara moja hauiwezi. Na kazi hiyo si ya kiroho peke yake. Ni ya kiuchumi, inaonekana, na imepimwa na watafiti hapa hapa Afrika Mashariki.

Mahali pazuri pa kuiona ni kwenye kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Watu kumi na watano hadi thelathini, wengi wao wanawake, wamekaa kwa duara chini ya mwembe au sebuleni kwa mmoja wao. Katikati lipo sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zinashikwa na watu watatu tofauti na sanduku linalala kwa mtu wa nne, kwa hiyo hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Katibu anaita wanachama kwa namba. Kabla ya hisa, na kabla mtu yeyote hajataja mkopo, kila mmoja anatoa mchango wa mfuko wa jamii: shilingi mia tano, au elfu moja, kiasi kile kile kwa muuza vitumbua na kwa mwalimu wa sekondari. Fedha zinahesabiwa mbele ya wote, jumla inatajwa kwa sauti ili kila mtu aikariri, kisha zinafungwa kwenye kifuko chake zisije zikachanganyika na nyingine. Aliyechelewa analipa faini. Aliyepokea simu kikao kikiendelea naye analipa. Ndipo unafika wakati wa hisa, kuanzia moja hadi tano, na kila hisa inagongewa muhuri kwenye kitabu cha mwanachama.

Mfuko wa jamii hauna riba wala faida. Ni wa msiba, wa mtoto aliyelazwa, wa nyumba iliyoungua. Anayeutoa leo hajui nani ataupokea, na huenda mwaka mzima ukaisha yeye hajaugusa. Ukiutazama kwa jicho la mfanyabiashara wa haraka haraka, hiyo ni fedha iliyolala. Lakini huo ndio unaoshikilia kikoba chote, na sababu yake inafaa kuelezwa taratibu.

Mama lishe akienda benki kuomba milioni moja ataulizwa hati ya nyumba, taarifa za akaunti, mdhamini mwenye mshahara. Benki haina roho mbaya. Haimjui tu. Haijui kama akipata shida atakimbia au atakuja kusema ukweli. Wenzake wa kikoba wanajua, kwa sababu wamemwona wiki baada ya wiki. Walimwona akileta mchango wake wiki ambayo biashara ilikuwa mbaya. Walimwona akienda hospitalini kumjulia hali mwenzake ambaye hata si jirani yake. Taarifa za namna hiyo hazinunuliwi, na mtu hawezi kuzitengeneza kwa wiki moja ya kujifanya mwema kabla hajaomba mkopo. Zinakusanyika polepole kutokana na vitendo vidogo vinavyojirudia mbele ya watu wale wale. Ndiyo maana kikundi kinathubutu kumkopesha hadi mara tatu ya akiba yake bila hati, bila mwanasheria, na riba anayolipa inarudi kwao wote siku ya mgao.

Hapo ndipo mchango mkubwa wa mara moja unaposhindwa. Aliyetoa milioni kwenye harambee tumejua jambo moja tu juu yake, kwamba siku ile alikuwa na milioni. Aliyetoa elfu moja kila Jumamosi kwa miaka mitatu tumemjua vizuri sana.

Mfumo huu wa sanduku na hisa haukushushwa na benki kuu. Ulianza kuchukua sura yake ya leo mwaka 1991 huko Maradi, Niger, shirika la CARE lilipokaa na wanawake wa vijijini waliokuwa tayari na upatu wao wa jadi na kuuboresha kidogo ili akiba iweze kukopeshwa. Kutoka huko umesambaa Afrika nzima. Zanzibar ulipoingizwa, jambo la kutia moyo lilikuja baadaye: wataalamu waliporudi kutazama miaka michache baada ya mradi kufungwa, walikuta vikundi vinaendelea na vingine vipya vimezaliwa bila mradi wowote, wanachama wakifundishana wenyewe. Kila mtu hapa anajua jinsi miradi inavyokufa siku magari ya wafadhili yanapoondoka. Hiki kilibaki kwa sababu nguvu yake ilikuwa ndani, katika mazoea ya watu ya kuletana mchango. Leo Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi hivi katika daraja lake la nne, jambo ambalo bibi zetu waliocheza upatu kwa kificho wasingeliamini.

Tukizungumzia mafanikio ya kudumu, mara nyingi tunaongelea namna ya kupanda. Tunasahau kwamba watu wengi walikwisha kupanda, wakaanguka. Waulize waliofunga biashara. Wachache watakwambia wateja waliisha. Wengi watakutajia ugonjwa, msiba, mtoto aliyefukuzwa shule kwa ada, mtaji ukaliwa kwa wiki mbili. Kwa hali zetu, kudumu ni kuwa na kitu kinachokushika pale tukio moja linapotaka kukurudisha ulikotoka.

Kijiji cha Nyakatoke, mkoani Kagera, kimechunguzwa na wachumi kwa undani ambao vijiji vichache duniani vimewahi kuupata. Kina kaya 119, na mwaka 2000 watafiti walizifuatilia zote, wakiuliza kila moja inamtegemea nani wakati wa shida. Waligundua kwamba kaya ikipata mgonjwa, chakula chake hakiyumbi sana, kwa sababu kijiji kinaichukua shida ile na kuigawanya. Matumizi mengine, nje ya chakula, yalishikiliwa zaidi na mtandao wa karibu wa kila kaya, yaani ndugu, marafiki, majirani waliozoea kupeana. Na kijijini humo kulikuwa na vyama vya kuzikana vyenye kanuni zake, wanachama wakitoa kazi, chakula na fedha kila msiba unapotokea, awe ni nani aliyefiwa.

Kenya walipima kitu hicho hicho kwa njia nyingine. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, kumtumia ndugu fedha kuligeuka kuwa jambo la dakika moja. Wachumi Tavneet Suri na William Jack walifuatilia familia nchini humo na katika utafiti uliotoka mwaka 2014 walionyesha kwamba familia zisizotumia huduma hiyo zilipopata mtikisiko wa kipato, matumizi yao yalishuka kwa takribani asilimia 7. Zilizokuwa zikiitumia hazikushuka. Zilipokea zaidi, na zilipokea kutoka kwa watu wengi zaidi. Simu haikuzalisha shilingi hata moja. Kilichozikinga familia hizo ni wingi wa watu waliokuwa tayari kutuma, na utayari huo ulijengwa kabla ya siku ya shida, kwa mia mbili hapa na mia tano pale.

Sasa kuna hoja ya upande wa pili, na ni nzito. Wapo watakaosoma hadi hapa na kusema: mimi kusaidia ndiko kulikonimaliza. Nawaelewa. Duka la mtaani linalokufa kwa sababu ya daftari la madeni si hadithi ya kubuni. Mwenye duka anashindwa kumkatalia shemeji unga, halafu jirani sukari, halafu kijana wa mjumbe vocha, na mwisho wa mwezi hana fedha ya kwenda kuchukua mzigo. Kuna mwajiriwa anayepokea mshahara tarehe 25, na ikifika tarehe 27 umekwisha kwa kuombwa. Kisha huyo huyo anaangukia mikononi mwa mikopo ya kausha damu ili amalize mwezi.

Utafiti uliofanywa vijijini magharibi mwa Kenya, ukachapishwa mwaka 2016, unaonyesha jinsi jambo hili linavyouma. Watu walipewa fedha kidogo na kuachwa wachague kiasi cha kuiweka kwenye uwekezaji wenye faida. Wanawake waliojua kwamba matokeo yao yatatangazwa mbele ya watu, na ndugu zao wapo pale pale, walikubali kuchagua faida ndogo ili wasijulikane wamepata kiasi gani. Yaani mtu anajikata mguu ili asiombwe viatu. Huo ni uchumi mzima unaopoteza, maana mtu anayeficha fedha hawezi kuifanyia kazi hadharani.

Lakini tazama vizuri ni msaada wa aina gani unaomwangamiza mwenye duka. Hauna siku, hauna kiwango, na unatolewa kwa anayelia zaidi au anayeogopwa zaidi. Anayeupokea hadaiwi chochote, hata kuhudhuria. Mwenye kutoa hajawahi kukaa akaamua, ameamuliwa. Ukiuweka huu karibu na ule wa kikoba utaona havifanani hata kidogo, ingawa vyote tunaviita kusaidia. Na dawa ya aina ya kwanza si kuacha kusaidia, kwa sababu ukiacha kabisa unajikata kutoka kwenye mtandao ule ule utakaokushika kesho. Dawa ni kuupa msaada wako mahali pake, siku yake na kiasi chake, ili ukimaliza kiasi hicho uwe na haki ya kusema hakuna tena.

Hilo nalo limejaribiwa. Wachumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walikwenda kwenye vikundi vya upatu vya magharibi mwa Kenya na kuwapa baadhi ya wanachama kisanduku cha kawaida chenye kufuli na ufunguo, cha kuwekea akiba ya afya. Matumizi yao ya kujikinga na magonjwa yaliongezeka sana. Riba haikuwapo, na kisanduku kilikuwa nyumbani kwao, wangeweza kukifungua wakati wowote. Ila fedha ilipopewa jina na mahali, ilikuwa rahisi kumwambia muombaji kwamba ile ina kazi yake. Kwa maoni yangu, hiki ndicho kitu ambacho vijana wetu wanaoanza kazi wanapaswa kufundishwa mapema kuliko somo lolote la ujasiriamali: tenga fungu la kusaidia kabla hujaombwa, liwe dogo, liwe la kila mwezi, na litoke bila kukosa. Muombaji wa ghafla akija, akukute tayari una jibu lenye heshima. Mama mkubwa, mwezi huu fungu limetoka, nitakuweka kwenye la mwezi ujao. Na mwezi ujao umpe kweli.

Mtu asidhani haya ni ya vijijini na ya wenye kipato kidogo tu. Mwaka 2003 mtafiti Francis Flynn alichapisha utafiti juu ya wahandisi 161 wa kampuni moja ya mawasiliano nchini Marekani. Wale waliotoa msaada mwingi kuliko walioupokea waliheshimiwa na wenzao, lakini kazi zao wenyewe zilirudi nyuma. Ungetarajia basi wachoyo ndio waliofanya vizuri. Sivyo. Waliopata vyote viwili, heshima na kazi iliyokwenda, ni wale waliokuwa wakisaidiana mara kwa mara, wakitoa na kuomba kwa wingi. Kadiri kubadilishana kulivyojirudia, ndivyo kila mmoja alivyojua mwenzake ni hodari wa nini na ni wakati gani wa kumwendea. Fundi gereji wa Keko anayemwazima jirani yake jeki asubuhi na kuazima spana mchana hajasoma utafiti huo, ila anaishi ndani yake.

Angalieni pia kwamba wahandisi wale walitoa, na pia waliomba. Wapo watu wema sana ambao kuomba ni mwiko kwao. Wanatoa, wanatoa, wakikwama wanajifungia ndani. Hao wanaanguka, na wakianguka mtaa unashangaa kwa sababu hakuna aliyejua. Mazoea ya kusaidia yanayomjenga mtu yana mlango wa kutokea na wa kuingilia.

Kuna kipimo kingine ambacho serikali imetufanyia bila kukusudia. Halmashauri za Tanzania zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni fedha nzuri na nia ni njema. Lakini mwaka 2023 utoaji wake ulisimamishwa ili utaratibu utazamwe upya, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuonyesha mikopo mingi isiyorejeshwa na hata vikundi ambavyo havikuwepo. Sishangai. Kikundi kilichoundwa wiki mbili kabla ya kujaza fomu hakina kitu kinachokifunga. Wanachama wake hawajawahi kutoa chochote kwa ajili ya mmoja wao. Walikutana kupokea, wakapokea, wakatawanyika. Kikundi kilichokwisha kuzika pamoja na kuuguza pamoja kina sababu nyingine kabisa ya kurejesha mkopo, kwa sababu kushindwa kwao kunaharibu kitu walichokijenga kwa miaka. Ningekuwa na sauti kwenye baraza la madiwani, swali la kwanza kwa kila kikundi kinachoomba lisingekuwa juu ya andiko la mradi. Ningeuliza kitabu cha mfuko wa jamii kipo wapi, na mara ya mwisho mlimsaidia nani.

Ni lazima pia tuseme kweli juu ya mipaka. Utafiti mkubwa uliofanywa Ghana, Malawi na Uganda, ukachapishwa mwaka 2017, ulivipima vikundi vya kuweka na kukopa kwa miaka miwili hadi mitatu. Wanawake walipata sauti zaidi ndani ya kaya, walipata huduma za fedha, biashara zao ndogo zilisogea. Lakini matumizi ya kaya kwa wastani hayakupanda. Wanaouza semina za kutajirika kwa kikoba hawatakusomea sehemu hiyo. Mimi nainukuu kwa sababu inakubaliana na hali ninayoiona: mazoea haya hayamrushi mtu juu. Yanamzuia asidondoke, na mtu asiyedondoka kwa miaka kumi anafika mbali kuliko aliyeruka mara tatu na kuanguka mara tatu. Anayetafuta utajiri wa msimu mmoja atafute kwingine.

Na kuna jambo linaloniumiza zaidi ya hilo. Watafiti wa Nyakatoke walipochora ramani ya mahusiano ya kijiji kizima, waliona kwamba kaya maskini ndizo zenye mahusiano machache. Wenye nacho wameunganishwa na wengi. Asiye nacho ameunganishwa na wachache. Ukiuliza mtaani utapewa sababu bila kusita. Huyu hana hata ya mfuko wa jamii. Yule alialikwa mara mbili akashindwa hisa, akaona aibu, akaacha kuja. Mjane aliyehamia juzi hakuna anayemjua, na asiyejulikana hadhaminiki. Kwa hiyo utaratibu wetu bora kabisa wa kusaidiana unamwacha nje yule anayeuhitaji kuliko wote, na haya yanatokea bila mtu yeyote kumchukia.

Haya yanarekebishika, na si kwa fedha nyingi. Wapare na Wachaga walikuwa na msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ambapo mchango wa mtu ulikuwa jembe lake na asubuhi yake, na mwenye ng'ombe kumi na asiye na kuku walisimama mtaro mmoja. Vikoba vingi leo vinapokea fedha tu. Hakuna kanuni inayozuia mwanachama asiye na shilingi mia tano kulipa mfuko wa jamii kwa kupika msibani, kulala hospitalini na mgonjwa asiye na ndugu, au kumlea mtoto wa mwenzake wakati wa uzazi, na kazi hiyo ikaandikwa kitabuni na kugongewa muhuri kama fedha. Baada ya mwaka mmoja wa mihuri hiyo, yule mjane si mgeni tena, na kikundi kina sababu ya kumkopesha laki moja ya kuanzia genge.

Vikoba vingi vinavunja mzunguko Desemba, vinagawana, vinaandika katiba upya na kupokea wanachama wapya Januari. Huo ndio wakati wa kulileta hili kwenye ajenda, mapema, kabla bei ya hisa haijapandishwa na mlango kufungwa. Mtaje kwa jina mtu mmoja wa mtaani kwenu asiye kwenye kikundi chochote, mpangieni kazi ya kuanzia, na katibu amwandikie namba.